Tangi la Launji Mikumi: Samaki Wanachaguliwa kwa Rangi, Wanakufa kwa Ugomvi

Wanaofuatilia wikendi za Mikumi wameshaliona. Mastaa wakishuka SGR Kilosa au wakitokea Dar na gari, lazima picha ipigwe pembeni ya kioo kile: lita kama 80, maji ya chumvi, taa ya bluu, samaki sita wa rangi sita. Mwenye launji, jina kapuni, kiki anazijua. Ila kila video mpya ina samaki wapya. Wa zamani wako wapi? Ukiuliza kwenye komenti, unaambiwa una wivu.

Wivu gani? Humo alikuwemo yule wa bluu mwenye mkia wa njano, Dory wa kwenye filamu. Akikua anakaribia sentimita 30, na baharini anaogelea kutwa. Kumweka kwenye lita 80 ni kumpa bodaboda sebule umwambie apige mizunguko. Pembeni yake yumo mweusi mwenye madoa meupe, wa pwani yetu hii hii. Akiwa mdogo anapendeza kinoma. Akikua ni mbabe wa mtaa, anamng'ata kila anayekatiza. Halafu mtu kaongeza samaki simba, yule wa miiba yenye sumu! Huyo anameza chochote kinachoenea mdomoni. Waliopotea hawakutoroka.

Machawa wanasema Kilosa joto, bahari iko mbali. Hiyo sio kesi. Chumvi maalum ya tangi ipo (ya jikoni hapana), gramu kama 35 kwa lita. Maji yakipungua kwa joto unaongeza yasiyo na chumvi, maana chumvi haipandi na mvuke. Kinachohitajika ni subira: wiki nne hadi sita mpaka bakteria wanaoondoa sumu ya uchafu wa samaki wakomae. Jamaa alijaza maji Ijumaa, samaki Jumamosi, shoo Jumapili. Joto la Kilosa linaingiaje hapo?

Tangi dogo lina watu wake. Wawili wa aina ya Nemo, waliozalishwa kwenye matangi, sio kuvuliwa. Wawili, sio watano! Hao wote huanza maisha wakiwa madume, kisha mkubwa wao anageuka jike; ukiweka kundi kwenye kioo kidogo, wawili wanaoana na wengine wanapigwa. Chini mchangani, gobi mmoja na kamba wake. Kamba haoni vizuri, kazi yake kuchimba shimo. Gobi analinda mlangoni, akishtuka wote ndani. Kapo gani ya mjini inaishi hivyo? Basi, tangi limejaa.

Eti samaki watatu hawanogi kwenye video. Na haya yanasemwa mlangoni kabisa mwa Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, ambako wageni wanalipa kumwona simba mwenye nafasi ya kukimbia. Hakuna aliyewahi kupendekeza simba na swala wafungiwe banda moja ili picha itoke vizuri. Samaki kwa sababu hapigi kelele, anatupwa nyuma ya launji na anaagizwa mwingine.

Juzi imepanda video mpya. Taa ile ile, singo mpya. Yule wa bluu hayupo. Wapo wawili wa bluu, wadogo zaidi.