Kura Yangu Nilimpa Nani?



Muhula uliopita tulimchagua kiranja mkuu. Waliosimama walikuwa wawili: mmoja wa upande wetu wa Busisi, na mwenzake wa ng'ambo, upande wa Kigongo. Yule wa ng'ambo alitueleza waziwazi jinsi atakavyopanga zamu za kuchota maji ili wadogo wa Kidato cha Kwanza wasichelewe darasani. Wetu hakueleza lolote. Alisema tu, "Mimi ni mtoto wa nyumbani." Nami, nakiri mbele yenu, nilimpa kura yangu mtoto wa nyumbani. Akashinda. Hata leo wadogo wetu wanaingia darasani kipindi cha kwanza kimekwisha anza.

Wakati wa likizo nilimsimulia babu yangu. Hakunikemea. Aliniuliza neno moja tu: "Mjukuu wangu, ulichagua mtu au ulichagua ng'ambo?" Sikuwa na jibu.

Babu alikuwa kijana katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1965. Huku Bara chama kilikuwa kimoja tu, TANU, na karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wote wawili walihutubia mkutano mmoja, mbele ya watu wale wale, kwa Kiswahili. Kuomba kura kwa ajili ya kabila, dini au rangi kulikatazwa. Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Hapa Mwanza Bwana Paul Bomani alishindwa, ingawa alikuwa waziri, mtu wa nyumbani, na mmoja wa waasisi wa ushirika wa wakulima wa pamba.

Sisemi kwamba turudi kwenye chama kimoja, la hasha. Vyama vingi vilirudishwa mwaka 1992, na ni haki ya mwananchi kuchagua hata chama. Wala sisemi kwamba ushindani ni mbaya. Nani huku Usukumani asiyewajua Wagalu na Wagika? Baada ya mavuno makundi hayo mawili hucheza ngoma kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Lakini angalieni: mtazamaji ana miguu. Akiona upande wa pili wanacheza vizuri zaidi, huhama. Mpiga kura wa siku hizi hahami. Amefungwa kamba kama mbuzi, na kamba yenyewe ni kijiji, ukoo, dini, au fulana aliyogawiwa. Mgombea akijua kwamba kundi lake halihami, ana haja gani ya kucheza vizuri?

Wengine watasema, "Mtu wa kwetu ndiye atakayetukumbuka." Mimi naona kinyume chake. Mtu wa kwetu aliye na hakika ya kura zetu ndiye wa kwanza kutusahau. Wale wadogo wanaochelewa kwa ajili ya maji, wengi wao ni wa Busisi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu: uchaguzi ujao wagombea wasimame pamoja mbele ya shule nzima, waulizwe maswali yale yale, na majibu yao yaandikwe ubaoni mpaka siku ya kura. Nanyi wazazi, mkisikia nyumbani tukihesabu wagombea kwa vijiji vyao, tuulizeni swali la babu yangu.

Tangu Juni 2025 daraja limeunganisha Kigongo na Busisi. Mahali tulipokuwa tukingojea kivuko, leo tunavuka kilomita 3 kwa dakika chache. Magari yanavuka, samaki wanavuka, na wagonjwa wanavuka. Hapana budi kura nazo zivuke. Yangu, safari ijayo, itavuka.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu