Na Sisi wa Ikweta Tupime

Wanafunzi wenzangu, nimewasikia wengi wakisema kwamba misukosuko ya sumaku ya dunia ni mambo ya watu wa nchi za baridi, waonao mianga ya rangi angani usiku. Mimi sikubali.

Dunia ni sumaku kubwa. Jua hutoa upepo wa chembe zenye umeme, nao huusukuma usumaku huo upande wa usiku hata ukawa kama mkia mrefu. Mkia ukivutwa mno hukatika na kuungana upya, na chembe hurushwa kuelekea kwetu. Mwaka 2007 Wamarekani walirusha setilaiti tano, ziitwazo THEMIS, ziuchunguze mkia huo, huku vituo vya Kanada na Alaska vikitazama toka chini. Mwaka uliofuata ikaonekana kuwa msukosuko mmoja ulianzia mbali sana, kama theluthi ya njia ya kwenda mwezini. Setilaiti pekee zisingalitosha, wala vituo vya chini pekee.

Lakini tufani ikiwa kubwa, chembe hizo huizunguka dunia kama mkanda, juu ya ikweta ya sumaku, ambayo kwa upande wetu hupita Ethiopia. Bulumbi si mbali nayo! Tena tarehe 15 Novemba 1971 setilaiti Explorer 45 ilirushwa kuupima mkanda huo kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikafika juu kilomita 27,000 hivi. Ilitoka pwani ya jirani zetu, na ni wangapi kati yetu waliofundishwa jina lake?

Basi naona yatupasa kuomba chombo cha kupimia usumaku. Dira ya maabara haifai kitu, maana hata tufani kubwa ya Mei 2024 ilipunguza usumaku wa sehemu hizi kwa kama sehemu moja tu katika mia. Chombo hicho chataka mahali pasipopita vyuma. Tororo wana reli na kiwanda cha saruji. Sisi Bulumbi tuna mihogo.

Faida yake? Tarehe 13 Machi 1989 tufani ya namna hii ilizima umeme wa Quebec, Kanada, muda wa saa tisa. Redio za mbali nazo huvurugika, na vile vile setilaiti zinazoongoza ndege. Na kipimo kikuu cha mkanda ule hutegemea vituo vinne tu duniani. Cha Afrika ni kimoja, Hermanus, kule Afrika ya Kusini.

Mwalimu wa fizikia akikubali, wa kushika zamu za usiku tupo.