Mlango wa Malaria

Wako watu wasemao kuwa protini ya binadamu iliyotengenezwa katika maabara ni mchezo wa matajiri. Nchi yenye wagonjwa wa malaria, wadai, yahitaji dawa na vyandarua tu. Kauli hii hupendeza masikio, lakini haina msingi. Dawa na vyandarua ni ngao njema, wala hapana mwenye akili azikataaye. Lakini mlinzi asiyejua adui huingilia mlango upi hulinda ukuta mzima mpaka achoke.

Kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum hakiwezi kustawi katika damu bila kupenya seli nyekundu. Juu ya seli hiyo zimo protini nyingi, na baadhi yake ni vipokezi ambavyo kimelea huvishika kabla ya kuingia. Kipi hasa? Kuzing'oa protini hizo katika utando wa seli bila kuziharibu ni kazi ngumu. Basi wataalamu wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walitia jeni zake katika seli za binadamu zilizokuzwa maabarani, na seli hizo zikawatengenezea protini. Wakazijaribu moja moja mbele ya RH5, protini ya kimelea. Mwaka 2011 walitangaza jawabu: RH5 hushika kipokezi kiitwacho basijini. Mshikamano huo ulipozuiwa, kimelea kilishindwa kuingia, katika kila aina waliyoijaribu.

Je, huo ni mchezo? Ugunduzi huo uliitia nguvu hoja ya kutengeneza chanjo ya RH5. Chanjo hiyo imekwisha kujaribiwa Bagamoyo, Tanzania, na pia Burkina Faso, ambako matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kinga ya asilimia 55 kwa muda wa miezi 6 katika kundi la watoto lililofaidika zaidi. Haijamaliza ugonjwa, lakini njia imeonekana.

Aibu yetu si kwamba vitu hivi vyatengenezwa, bali kwamba aghalabu twavingoja vitoke ng'ambo. Wagonjwa ni wetu na makaburi ni yetu. Kwa nini elimu iwe ya wengine? Enyi vijana, anayewaambia kuwa kazi ya maabara haiwahusu awanyima silaha huku vita vikiwa mlangoni penu. Msimsikilize. Mdharau biu hubiuka.