Gari Linalokula Mafuta Lipimwe Kabla ya Kutengenezwa

Msemo kwamba gari fulani "linakula mafuta" umekuwa wa kawaida sana katika mji wa Mwanza. Husemwa na dereva wa teksi, na mfanyakazi mwenye Toyota IST ya kwendea kazini, na mwalimu aliyenunua Corolla iliyotumika kutoka Japani. Malalamiko hayo yana msingi. Petroli inayouzwa Mwanza huteremshwa katika bandari za Bahari ya Hindi, kisha husafirishwa mamia ya kilomita hadi ufukoni mwa Ziwa Victoria. Gharama ya safari hiyo imo katika bei kikomo ambazo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza kila mwezi. Lita moja Mwanza huwa ghali kuliko Dar es Salaam. Mwaka 2022 bei ya petroli nchini ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na wenye magari wengi walianza kuhesabu safari zao.

Tatizo ni kwamba dawa ya ugonjwa huu hutafutwa kwa kubahatisha. Mmoja huambiwa abadilishe plagi, mwingine filta ya hewa, mwingine huuziwa kifaa cha ajabu cha kufungwa kwenye mpira wa petroli. Fedha hutoka, na baada ya mwezi mmoja hakuna ajuaye kama ulaji umepungua au la, kwa sababu haukupimwa tangu mwanzo. Yafaa isemwe wazi: gari lisitengenezwe kabla ya kupimwa. Aidha, elimu inayohitajika kwa kazi hiyo si ngeni wala si ya wahandisi peke yao. Sehemu kubwa imo katika masomo ya fizikia na hisabati ya shule za sekondari.

Taifa hili limewahi kubana petroli kwa njia nyingine. Bei ya mafuta ghafi ilipopanda karibu mara nne kati ya mwishoni mwa mwaka 1973 na mwanzoni mwa mwaka 1974, na kupanda tena mwaka 1979, Tanzania ilikosa fedha za kigeni za kuagizia mafuta. Katika miaka hiyo Serikali ilizuia magari ya binafsi kutembea Jumapili alasiri bila kibali. Huo ulikuwa ubanaji wa amri. Siku hizi ubanaji hufanywa na bei yenyewe. Uko ubanaji wa tatu, nao ni wa maarifa: kusafiri mwendo ule ule kwa petroli chache zaidi.

Kipimo cha tangi hadi tangi

Mshale wa petroli kwenye dashibodi si kipimo cha kutegemewa, kwa maana haushuki kwa usawa kutoka juu hadi chini. Kipimo cha kweli ni rahisi. Tangi lijazwe mpaka pampu ijifunge yenyewe, na kilomita za gari ziandikwe. Gari liendeshwe kama kawaida kwa siku kadhaa, kisha tangi lijazwe tena, ikiwezekana kwenye pampu ile ile. Kilomita zilizotembewa zigawanywe kwa lita zilizoingia mara ya pili. Kipimo kimoja hakitoshi; vitatu au vinne hutoa wastani wa kuaminika.

Mfano ufuatao waonyesha faida yake. Gari litembealo kilomita 900 kwa mwezi, likienda kilomita 9 kwa lita, hutumia lita 100. Likirekebishwa likaenda kilomita 12 kwa lita, hutumia lita 75. Kwa bei ya shilingi 3,000, lita 25 zilizookolewa ni shilingi 75,000 kwa mwezi, au 900,000 kwa mwaka. Kiasi hicho si kidogo kwa familia ya mfanyakazi. Lakini bila daftari la vipimo, hasara hiyo hupita bila kuonekana.

Dhana ya "nchi za baridi"

Kati ya kasoro zinazosababishwa na kubahatisha, moja yastahili kuangaliwa kwa makini, yaani kuondolewa kwa thamostati. Thamostati ni vali ndogo inayozuia maji yasizunguke kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Ndani yake mna nta ambayo huyeyuka, hutanuka na kuisukuma vali ifunguke. Katika gereji nyingi hutolewa na kutupwa, kwa hoja kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, na kwamba Afrika joto lipo la kutosha.

Kipimajoto chaonyesha udhaifu wa hoja hiyo. Mchana wa kawaida wa Mwanza una nyuzijoto kama 28. Injini ya petroli hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa na nyuzijoto karibu 90. Tofauti ni zaidi ya nyuzi 60. Kwa hiyo kwa upande wa injini, hata Mwanza ni nchi ya baridi. Gari lisilo na thamostati huchelewa kupata joto, na katika safari fupi za mjini huenda lisilipate kabisa. Kihisi cha joto huiarifu kompyuta ya injini kwamba injini ni baridi, nayo kompyuta huongeza petroli kama inavyofanya asubuhi wakati wa kuwasha gari. Basi mwenye gari hununua petroli ya asubuhi mchana kutwa.

Mafundi wasilaumiwe bila kusikilizwa. Thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa huchemsha injini, huunguza gasketi na kuleta hasara kubwa kuliko petroli yoyote. Vilevile thamostati hafifu zimejaa madukani. Hofu yao, basi, ni ya haki. Ila dawa yake ni majaribio. Thamostati itumbukizwe katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, na maji yapashwe moto polepole. Iliyo nzima huanza kufunguka kati ya nyuzijoto 80 na 90 hivi, na aghalabu kiwango chake huandikwa juu yake. Isiyofunguka ikataliwe, na isiyojifunga ikipoa ikataliwe pia. Jaribio hili lawezekana katika maabara ya shule yoyote. Lina hata somo la ziada: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, wala hayafiki 100.

Hewa, tairi na vihisi

Mwinuko huo wa Mwanza una athari nyingine. Kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 12 ikilinganishwa na ile ya pwani. Gari la zamani lenye kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam, likifika Mwanza, hupata hewa haba kwa petroli ile ile, na sehemu ya petroli hiyo hutoka kama moshi mweusi. Kabureta ya namna hiyo haina budi kurekebishwa upya. Magari ya siku hizi hayahitaji kazi hiyo, kwa kuwa sensa ya oksijeni hupima moshi na kompyuta hupunguza petroli yenyewe. Lakini sensa hiyo ikiharibika, kompyuta hubaki gizani. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba kurekebisha kasoro kubwa ya aina hiyo kwaweza kuongeza mwendo kwa lita kwa hadi asilimia 40. Taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi, basi, si pambo.

Filta ya hewa nayo ina hadithi yake. Katika gari la kabureta, filta iliyoziba huongeza ulaji. Katika gari lenye kompyuta mambo ni tofauti: uchunguzi uliofanywa mwaka 2009 na maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, ulionyesha kwamba filta chafu hupunguza nguvu ya gari, lakini haiongezi ulaji wa petroli kwa kiasi cha maana. Filta ibadilishwe ili kuikinga injini na vumbi, bila kutarajia mwujiza kwenye pampu. Kuhusu vile vifaa vya ajabu, Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani limechunguza zaidi ya 100 kati ya vile vinavyodaiwa kubana petroli, na ni vichache sana vilivyoonyesha hata nafuu ndogo.

Upepo wa tairi, kwa upande mwingine, hugharimu fedha kidogo sana. Tairi legevu hujikunja na kujikunjua kila inapozunguka, na nishati hupotea kama joto. Kiwango kinachotakiwa huandikwa kwenye kibandiko kilicho kandokando ya mlango wa dereva, na kipimo chafaa kichukuliwe tairi zikiwa baridi. Breki zinazoshika bila kukanyagwa nazo hujulikana upesi: baada ya safari fupi, gurudumu moja huwa na joto kuliko mengine.

Mguu wa dereva

Hata gari zima kabisa huharibiwa hesabu na dereva wake. Gari la tani moja likienda kilomita 50 kwa saa, yaani mita 14 kwa sekunde, lina nishati mwendo ya jouli 98,000. Breki zikikanyagwa mpaka lisimame, nishati hiyo yote hugeuka kuwa joto. Lita ya petroli ina jouli milioni 32 hivi, na injini hufaidi kama robo yake, yaani milioni 8. Kwa hiyo kila kusimama ghafla kwa namna hiyo hugharimu mililita 12 za petroli, karibu kijiko kimoja cha chakula. Mara 80 ni lita nzima. Anayekimbilia mkia wa foleni ya Buzuruga ili afunge breki, hununua joto la breki kwa bei ya petroli.

Wako pia wanaoweka gia huru wakishuka mlima kwa nia ya kubana mafuta. Gari lenye kompyuta, likishuka likiwa ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, hukatiwa petroli. Likiwekwa gia huru, injini hulazimika kutumia petroli ili isizimike. Desturi hiyo ni ya hatari na haina faida.

Kazi ya shule

Barabara na miundombinu vina sehemu yake. Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, liliondoa foleni za kusubiri kivuko, na pamoja nazo petroli iliyokuwa ikiungua magari yakinguruma bila kwenda popote. Lakini hakuna daraja litakalopima tairi za mtu wala kumjulisha kwamba thamostati yake imetolewa.

Kazi hiyo yaweza kuanza shuleni. Gari moja la shule au la mwalimu, daftari moja, na vipimo vya tangi hadi tangi kwa muhula mzima vyatosha kuwapa wanafunzi data ya kweli ya kuchorea grafu. Kasoro moja irekebishwe kwa wakati mmoja, kisha kipimo kirudiwe, ili ijulikane ni nini hasa kilicholeta nafuu. Mwanafunzi aliyefanya hivyo, siku atakapokuwa na gari lake gereji, hatauliza tu ni kifaa gani kinunuliwe. Atauliza kwanza ni nini kilichopimwa, na fundi mwema atafurahi kumjibu.