Nshomile, Umesoma Nini Kikakuchekesha?

Mtu wa huku akishavuka Busisi, hata awe Mnyambo wa Kituntu ambaye hajalala Bukoba usiku hata mmoja, jina lake ni moja: nshomile. Nchi nzima imekubaliana kwamba mtu wa Kagera hawezi kukuuliza njia kabla hajakutajia shahada zake. Tumeshazoea. Neno lenyewe wala si tusi, maana yake ni "nimesoma" tu, na wapo miongoni mwetu wanaolipokea kama cheo.

Msimu wa kahawa uliopita, kwenye foleni ya mizani, kijana mmoja alijiita hivyo kwa sauti iliyofika barabarani. Mzee aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake la maganda akamuuliza taratibu, "Umesoma nini, mwanangu?" Kijana akataja chuo. "Chuo nakifahamu, kipo Dar es Salaam. Nauliza kitabu." Foleni nzima tulicheka. Nami nilicheka sana, mpaka nilipohesabu kimoyomoyo vitabu nilivyosoma mwaka ule kwa hiari yangu, nikaona heri nijishughulishe na kamba ya gunia langu.

Ndugu zangu wa Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi 2012, nina ombi dogo. Tutafutiane vitabu vya kuchekesha. Tuazimane, tusomeane, tubishane kipi kinachekesha zaidi. Sisemi vitabu vya kilimo bora, sisemi vya kufaulu mtihani. Hivyo vina watetezi wake, tena wenye posho.

Atakuwapo wa kuniambia kwamba kicheko hakinunui sukari. Kweli, lakini mbona tunacheka kila siku bila kuulizana bei? Tunacheka kijiweni kwa bodaboda Omurushaka, tunataniana hadi msibani, tunarushiana vichekesho kwenye simu mpaka bando linakata. Ni kitabu peke yake tulichokivika sura ya mwalimu wa zamu. Tulikutana nacho darasani, kikatuuliza maswali, tukakijibu kwa woga, na mtihani ulipokwisha tukaagana nacho kama watu walioachana kwa talaka.

Chukua "Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe", tamthiliya ya Edwin Semzaba ya mwaka 1988. Wengi tuliopita sekondari tunaikumbuka kama orodha ya dhamira na tamathali za semi. Nani alituambia kwamba ni kichekesho? Ofisa kijana anatumwa kijijini kuhesabu watu, anafikia nyumbani kwa balozi, Mzee Mitomingi, na badala ya kuhesabu kaya anajikuta anahesabu hatua za binti wa mwenyeji wake, Mazoea. Mwisho wa yote karatasi za sensa zinateketea kwa moto. Agosti 2022 karani wa sensa alipofika kwangu, mwanangu wa kidato cha tatu alimtazama, akamtazama dada yake, akaniambia kwa kunong'ona, "Baba, huyu asilale hapa." Karani hakuelewa kwa nini nyumba nzima imeangua kicheko. Pengine tulihesabiwa pungufu. Hesabu ya mkoa ilikaribia watu milioni 3, na sina hakika kama mimi nimo.

Kitabu ambacho ningekupa wewe leo hii, kama tungekutana Kayanga sokoni, ni kingine. Ni "Masaibu ya Ndugu Jero" cha Wole Soyinka, yule Mnigeria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. A. S. Yahya alikileta kwenye Kiswahili miaka ya 1970, nacho ni chembamba, kinaisha kati ya chakula cha mchana na kuamka kwa ng'ombe. Jero ni nabii wa ufukweni Lagos. Anajua kabisa kwamba unabii ni biashara, na hatufichi sisi wasomaji: anatugeukia na kutueleza mbinu zake kama fundi anayemfundisha mwanagenzi. Sasa nabii huyu amekopa joho la mahameli apendeze mbele ya waumini, hajalipa, na mwanamke mfanyabiashara aliyemkopesha, Amope, amekuja alfajiri kuketi mlangoni kwake. Hapigi kelele nyingi. Ameketi tu. Nabii anayeona yajayo ya watu wote haoni njia ya kutoka nyumbani kwake, mpaka akumbuke dirisha.

Kuna mume pia, mfuasi mwaminifu wa nabii, anayemlilia kila siku kuhusu mke wake msumbufu, na nabii huchelewa kung'amua mke huyo ni nani. Siendelei. Nitakachosema ni kwamba yeyote aliyewahi kuvaa kitenge cha mkopo Jumapili akakaa benchi la nyuma ili muuzaji asimwone, kitabu hiki kiliandikwa kwa ajili yake. Manabii wa siku hizi siwataji. Nina majirani.

Walimu na watumishi wa halmashauri mtafuteni Gogol, Mrusi aliyeandika mwaka 1836 tamthiliya ambayo Christon Mwakasaka aliitafsiri kwa jina la "Mkaguzi Mkuu wa Serikali". Mji mdogo wa mbali unasikia kwamba mkaguzi anakuja kimyakimya. Hofu inatanda, wakubwa wanakurupuka, na wanamdhania kijana mmoja mvivu, aliyekwama gesti bila hela ya chakula, kuwa ndiye. Wanamkirimu, wanamkopesha pesa wasizotarajia kurudishiwa. Ukikisoma utadhani Gogol aliwahi kufanya kazi Kyerwa, wiki ile ambayo ghafla kuta zinapakwa chokaa na faili zilizopotea zinapatikana.

Mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla sihitaji kumpigia debe sana. "Mzimu wa Watu wa Kale" kilitoka 1960, ni hadithi ya mauaji Unguja, lakini mimi humsomea Najum, rafiki yake, ambaye kila akidhani ameshafumbua fumbo ndipo anapopotea zaidi. "Kaptula la Marx" ya Kezilahabi, jirani yetu wa ziwani Ukerewe, inamhitaji msomaji anayekumbuka miaka ya foleni za unga: rais amevaa kaptula kubwa kuliko kiuno chake na anaongoza msafara wa kuitafuta nchi ya Usawa. Iliandikwa miaka ya 1970, ikasubiri hadi 1999 kuchapishwa. Kwa watoto, Abunuwasi. Sufuria aliyoiazima ikazaa, alipoiazima mara ya pili ikafa, na mwenye sufuria aliyefurahia uzazi akalazimika kukubali msiba. Msomee mtoto wa miaka minane hadithi hiyo kisha umtume kwa jirani kuazima sufuria, uone atarudi na maswali gani.

Kipo kitabu kimoja kinachotuhusu sisi wenyewe, nacho hakikukusudiwa kuchekesha. Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe kwa Omukama Rumanyika, na mwaka 1863 akachapisha habari za safari yake. Anaeleza alivyostaajabia wake wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa, hata akatoa futi kumpima mmoja wa mashemeji wa mfalme, mkono, kifua, paja. Wasomaji wa London walicheka, na walitucheka sisi. Ila Speke mwenyewe anakiri kwamba ili mama yule akubali kupimwa, ilibidi naye aahidi kumwonyesha miguu na mikono yake mitupu. Hebu fikiria jioni ile, mama yule akiwasimulia wenzake juu ya mgeni mweupe aliyekunja suruali. Kile kicheko hakikuandikwa na mtu. Kijana wa Nkwenda au Nyaishozi mwenye kalamu, kazi hiyo inakusubiri, na usiiuze kwa mtu wa mbali kabla haijaiva, kama kahawa ya butura.

Sasa tuanze vipi? Maktaba ya mkoa iko Bukoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwa wengi wetu, kwa hiyo tuanzie chini ya vitanda. Nyumba nyingi huku zina sanduku la vitabu vya mtoto aliyemaliza shule, na panya wanavisoma kuliko sisi. Fungua hilo sanduku. Toa kimoja ulichowahi kukichekea, hata kama hukumbuki sababu. Kabla hakijafungiwa karanga, mpe mtu, kwa sharti kwamba akikirudisha akusimulie alipochekea. Akishindwa kusimulia hajakisoma, mrudishie. Wakati wa kuanika kahawa, au usiku ule wa kusubiri senene taa zikiwaka bure, mwenye macho mazuri awasomee wenzake kwa sauti, na wakubwa waruhusiwe kudakia. Wenye saluni na stendi, kitabu kimoja mezani hakizuii mteja. Redio zetu za Kayanga, FADECO na Radio Karagwe, tunawaomba robo saa jioni, wasomaji wawili watatu wenye sauti tofauti, na Amope asomwe na mwanamke anayejua kudai.

Mimi natanguliza "Ndugu Jero" wangu. Nakala hii imepita mikono mingi: jalada limeshonwa kwa uzi wa viroba, na kurasa mbili za katikati hazipo. Kwa sasa nazisimulia kwa kichwa, na mke wangu anasema kila mara naongeza. Mwenye nakala nzima, awe Isingiro, Kaisho au hata Murongo mpakani, naomba tuonane siku ya soko.