Ukuta wa Nyuma ya Jiko



Ndugu wasomaji, leo tuzungumzie ukuta ulio nyuma ya jiko. Ni jambo dogo mpaka Ramadhani iingie, sambusa na bagia zikaangwe kila alasiri, na ukuta uwe mweusi kwa masizi na kunata kwa mafuta.

Familia nyingi huko Nakivale, na hata hapa Endiinzi, hutundika nailoni au kipande cha turubai. Ni kweli inafutika upesi, lakini sisi tunaipinga moja kwa moja. Plastiki ya turubai huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, na kaa la sigiri lina joto zaidi ya hilo mara kadhaa. Ikishika moto hudondoka matone yanayowaka, mtoto yuko hapo chini, na nyumba zimebanana. Usafi gani huo?

Wengine husema, ya nini kutengeneza ukuta wa kambini, tunapita tu. Nakivale ilianza mwaka 1958. Wapo waliozaliwa hapo na sasa wana wajukuu.

Mwenye nyumba ya tofali za kuchoma apige lipu, kisha niru ya saruji ilainishwe kwa mwiko ikiwa bado mbichi, na imwagiwe maji wiki nzima. Ikikauka kabisa, apake rangi ya mafuta. Baada ya hapo ni kitambaa, maji ya moto na sabuni. Marumaru ni nzuri zaidi kwa mwenye uwezo, ila si lazima ukuta mzima, na achague kubwa, kwa sababu uchafu hung'ang'ania kwenye mistari.

Nyumba ya udongo ina mambo yake. Saruji juu ya udongo hupasuka na kubanduka, kwani udongo hutanuka na kusinyaa kwa unyevu. Hapo tunapendekeza kipande cha bati, kisimame vidole vinne mbali na ukuta ili hewa ipite katikati. Kinatolewa, kinasuguliwa nje kwa majivu, kinarudishwa.

Kuhusu kusiriba kwa samadi ya ng'ombe, desturi ya Ankole: katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, ni najisi, Maliki na Hanbali wanaihesabu tohara. Kwa kuwa ukuta wa jikoni hulowa mvuke kila siku, sisi tunaonelea udongo uliochanganywa na majivu. Jirani anayesiriba kwa samadi asisemwe.

Masizi yakipanda mpaka darini, kasoro si ukuta. Moshi hauna pa kutokea, toboeni dirisha. Nanyi wanafunzi mnaopika katika vyumba vya kupanga Mbarara, baridi ya usiku isiwafanye mfunge mlango sigiri ikiwa ndani. Hewa ya mkaa haina harufu, na inaua. Itoeni nje kwanza, ukuta mtausugua asubuhi.