Mama, Mkaa Wetu ni Mti Gani?

Mama mwenzangu, umewahi kuwapeleka watoto Makumbusho ya Elimu Viumbe hapa Arusha? Nimekaa Daraja Mbili miaka mingi, na hilo boma la Wajerumani, la tangu mwaka 1900 hivi, nilikuwa nikilipita tu. Nilidhani ni la watalii.

Jumamosi moja tulikwenda kwa miguu. Watoto waliganda mbele ya wadudu. "Wanaishi wapi?" Nikawaambia wengi huishi mitini. Njiani kurudi, yule wa pili akaniuliza, "Mama, mkaa wetu ni mti gani?"

Sikuwa na jibu. Mimi ninayepika kila siku! Bibi yao angetambua mringaringa, mtarakwa na loliondo kwa kutazama jani tu.

Tena msitu wa Mlima Meru ndio unaotunza maji ya Mto Themi. Ukikatwa, mvua hushuka kwa fujo mara moja, halafu kiangazi mito hupungua. Na mwenye kubeba ndoo ni nani, kama si sisi na binti zetu?

Likizo ijayo bibi anakuja. Nimemwomba atutembeze, atutajie kila mti kwa jina lake. Daftari nimeshanunua, moja la watoto, moja langu.